Siku 150 za Kutafuta Maji: Kuisoma Upya Fallout

Ukiianza Fallout, mchezo wa kompyuta uliotolewa na Interplay mwaka 1997, unapewa siku 150. Chipu inayoendesha mtambo wa maji wa Vault 13 imekufa. Handaki hilo limewahifadhi watu chini ya ardhi tangu vita vya nyuklia vya mwaka 2077, na sasa, Desemba 2161, Msimamizi wake anamteua mtu mmoja kwenda nje kutafuta chipu nyingine. Hakuna jeshi linalomsindikiza. Anayo bastola, kisu, na Pip-Boy, kompyuta ndogo ya mkononi ambayo kila ukiifungua inakuonyesha siku zilizobaki.

Wanaousifu mchezo huu husifu zaidi uhuru wake: waweza kupigana, kuiba, kushawishi kwa maneno au kupita kimya kimya. Sifa hiyo ni ya haki. Ila mimi, kila nikiurudia, naona kwamba uhuru huo unapata uzito kwa sababu ya ile hesabu ya siku. Unafanya utakalo, na kila utakalo lina bei.

Tazama safari zinavyoonyeshwa. Ukitoka mjini, watu na nyumba vinatoweka, inabaki ramani ya kusini mwa California iliyogawanywa kwa miraba, rangi yake ya vumbi. Alama ndogo inatambaa juu yake na tarehe inabadilika pembeni. Mchezaji hana la kufanya hapo ila kuangalia muda wake unavyoliwa. Ukijeruhiwa, kupumzika hadi upone nako kunakula siku. Mahali pa kwanza unapoelekezwa ni Vault 15, na kushuka humo kunataka kamba. Ukifika bila kamba, unageuza njia kuitafuta. Ukirudi na kufika chini, chumba cha mitambo kimefukiwa na kifusi. Dokezo pekee ulilopewa limeishia hapo, na hakuna anayekurudishia siku ulizotumia. Sijui michezo mingi yenye ujasiri wa kumlisha mchezaji hasara ya namna hiyo mapema kiasi hicho.

Halafu kuna Hub, mji wa wafanyabiashara, ambako fedha ni visoda, vile vizibo vya bati vya chupa. Kwa visoda 2,000, wauza maji wanakubali kupeleka msafara Vault 13, nawe unaongezewa siku 100. Ni nafuu kubwa. Lakini katika toleo la kwanza saa haikusimama hata chipu ilipopatikana: majitu ya jangwani nayo yalikuwa yakilitafuta handaki, na msafara wa maji uliyafupishia kazi. Wakati unalipa, hakuna anayekuonya. Wema wako kwa watu wa nyumbani ndio unaowaanika kwa adui. Baadaye marekebisho yalilegeza ukomo huo wa pili, kwa sababu wachezaji walitaka kutembea bila kubanwa. Nawaelewa, lakini nadhani kazi ilipungua makali pale pale.

Sehemu inayonigusa kuliko zote ni Necropolis. Wakazi wa mji huo ni watu walioharibiwa na mionzi, ngozi imewabambuka, na wameishi miaka mingi kupita kawaida. Chipu unayoitafuta iko chini yao, na ndiyo inayowapa maji. Baadhi yao wamejibanza kwenye mitaro ya maji machafu, na mmoja wao anakueleza waziwazi kwamba ukiichukua, watakufa. Upo uwezekano wa kuitengeneza pampu yao ya zamani: vipuri vimo humo humo mitaroni, na anayejua ufundi anaweza kuifufua. Kazi hiyo ni lazima uitafute mwenyewe. Mchezo haukuzuii kuibeba chipu na kwenda zako. Mlango uko wazi, siku zinakwisha, na nyumbani kuna watoto wenye kiu. Kiu ya watu wako na kiu ya watu wengine zimewekwa katika kifaa kimoja, nawe umekishika mkononi.

Maandishi nayo yana kazi kubwa kuliko yanavyodhaniwa. Watu kwenye skrini ni wadogo, wanaonekana kutoka juu na kwa pembeni, nyuso zao hazisomeki. Kwa hiyo pembeni chini kuna kidirisha cheusi chenye herufi za kijani kinachokueleza unachokitazama, na macho ya mchezaji hupanda na kushuka kati ya picha na maneno. Wahusika wachache tu wamepewa nyuso kubwa zinazosema, zilizofinyangwa kwa udongo kwanza ndipo zikaingizwa kwenye kompyuta. Uso unapotokea ghafla, unajua kuna jambo. Na ukimuumba mhusika mwenye akili ndogo mno, majibu yake yanageuka miguno, watu wanamkwepa, na milango mingi ya hadithi inafungwa. Tarakimu uliyoipanga mwanzoni inakuwa hatima ya mtu.

Mapigano kwa zamu ndiyo yanayochosha. Wenzako hawaamriki ipasavyo, na Ian, uliyemkodi katika kijiji cha Shady Sands, anaweza kukumiminia risasi mgongoni kwa kukosa shabaha. Hapo hakuna cha kutetea.

Lakini mwisho wake ni wa ajabu. Master, kiumbe anayetaka kuwageuza binadamu wote wawe majitu ili vita vikome, anazungumza kwa sauti kadhaa zinazopokezana katikati ya sentensi. Waweza kumshinda kwa silaha. Waweza pia kumwekea mezani ripoti ya uchunguzi wa Vree, mtafiti wa kundi liitwalo Brotherhood of Steel, inayoonyesha kwamba majitu yake hayazai. Anaupima ushahidi, anaona ndoto yake haina kizazi, na anajiangamiza. Kisha unarudi nyumbani, na Msimamizi anakufukuza kwa kuhofia vijana watakufuata. Uamuzi huo unauma, na unakubaliana kabisa na umbo la kazi: siku zote zile za nje zimekubadilisha, na sasa zinahesabiwa dhidi yako.

Katika picha za hitimisho, zinazoeleza kila mji uliishiaje, ndipo mkono wa waandishi ulipotetemeka. Kwa Junktown walikuwa wamepanga kwamba ukimsaidia Killian, mpenda sheria, mji ungedumaa chini ya ukali wake, na ukimuunga mkono Gizmo, mwenye kamari, mji ungestawi. Wakageuza kabla ya kutoa mchezo, mwema akapata mema. Mpango wa awali ungefaa zaidi. Mchezo uliokwisha kumtoza mtu kwa kuwanunulia ndugu zake maji haukuwa na sababu ya kuihurumia Junktown.