Nyutroni nne zilipimwaje bila kunaswa?

Mtoto akigoma kukaa kwenye mzani wa kliniki, nesi humpima mama akiwa amembeba, kisha humpima mama peke yake. Tofauti ndiyo uzito wa mtoto. Mwaka 2022 kundi la wanafizikia likiongozwa na Meytal Duer wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Darmstadt, Ujerumani, lilichapisha katika jarida la Nature matokeo yaliyopatikana kwa hesabu ya namna hiyo. Mtoto wao alikuwa nyutroni nne zisizo na hata protoni moja.

Jaribio lilifanyika RIKEN, mjini Wako, Japani. Viini vya oksijeni-18 viligongeshwa kwenye berili, na katika vipande vilivyoruka watafiti wakachuja heliamu-8: protoni mbili, nyutroni sita. Katikati yake kuna alfa, kile kiini kigumu cha heliamu ya kawaida. Nyutroni nne zinazobaki huelea pembeni. Kwa hiyo nyutroni nne zilikuwa tayari zimekaa pamoja. Shida ilikuwa kuiondoa alfa bila kuzivuruga.

Hapa ndipo ustadi ulipo. Heliamu-8, ikienda kwa kasi inayozidi kidogo nusu ya kasi ya mwanga, iliingia kwenye haidrojeni kimiminika, ambayo kila kiini chake ni protoni. Watafiti walichagua matukio ambayo protoni iligongana na alfa uso kwa uso. Protoni ilichomoka mbele, alfa ikapungua mwendo, nyutroni zikaendelea na safari yake. Kasi zao zilitofautiana mno na ya nyutroni, hivyo wagonganaji wale wawili hawakupata nafasi ya kuzivuta nyutroni upande wowote. Chombo kiitwacho SAMURAI, chenye sumaku kubwa, kilipima protoni na alfa. Nishati na momentamu iliyokosekana kwenye hesabu ilikuwa ya nyutroni nne. Hazina chaji, na kuzinasa zote nne kwa mpigo ni kazi ngumu mno. Njia hii haikuhitaji kunasa hata moja.

Mzani nao ulijaribiwa kwa jiwe linalojulikana. Walirudia kipimo kwa heliamu-6, inayobakiza nyutroni mbili ambazo tabia yake imeshaeleweka, na majibu yakalingana na nadharia. Kwangu, hatua hii ndiyo inayotia imani kuliko zote. Jaribio jingine la RIKEN la kutafuta nyutroni nne, lililochapishwa mwaka 2016, lilikuwa na matukio manne tu.

Safari hii kilele kilijitokeza wazi kwenye grafu ya nishati ya nyutroni nne, MeV 2.37 juu ya kiwango ambacho nyutroni huachana, kikiwa na upana wa MeV 1.75. Kilele cha namna hii kinaweza kuwa alama ya rezonansi, yaani hali ya kushikamana kwa kitambo tu, na upana wake husema kitambo hicho ni kirefu kiasi gani: hapa, sekunde sifuri nukta, sifuri 21, kisha 4.

Waandishi hawakudai moja kwa moja kuwa ni rezonansi. Waliandika kwamba ni umbo linalofanana na rezonansi, na tahadhari hiyo ilikuwa ya haki. Mwaka 2023 wanafizikia Lazauskas, Hiyama na Carbonell walionyesha kwa hesabu kwamba kilele kama hicho kinaweza kutokea bila rezonansi yoyote, kwa sababu ndani ya heliamu-8 nyutroni zilikuwa zimejipanga mbili mbili kabla hata ya kugongwa. Kupima kilichokosekana hakutoshi kuamua kati ya maelezo haya mawili. Sasa inabidi nyutroni zenyewe zinaswe, zote nne, ionekane kila moja imeelekea wapi.