Malkia wa Katwe na Ubao Usioonekana

Nimeitazama Queen of Katwe mara tatu, na bado siwezi kukuambia Phiona Mutesi hufungua mchezo kwa kete ipi.

Filamu hiyo ya Mira Nair, ya mwaka 2016, inamfuata binti wa Katwe, Kampala, kutoka kuuza mahindi hadi kuiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya sataranji. Waigizaji sina ugomvi nao. Lupita Nyong'o, kama mama mtu, anaweza kukunyamazisha kwa kugeuza shingo tu. Ugomvi wangu ni na kamera. Mechi ikianza, inaukimbia ubao. Inatupa vidole, jasho, macho ya kocha Robert Katende, mara saa inapigwa na mtu keshashinda.

Kwenye benchi la drafti hapa Sirari, mtazamaji wa namna hiyo angeambiwa apishe wenzake waone. Kete ni vizibo vya soda, za huyu zimetazama juu, za yule zimefunikwa, na wasafiri wanaosubiri kuvuka kwenda Isebania husimama nyuma ya wachezaji wakibishania hatua ya tatu. Hakuna anayeuliza mchezaji kalala njaa au kashiba. Wanataka kujua kwa nini kaiachia kete ya pembeni.

Wala sataranji si ngumu kuonyesha. Askari wa mbele ya mfalme akisogea hatua mbili, malkia na askofu wote wawili wamepata njia ya kutokea. Sekunde kumi zinatosha kulieleza hilo. Filamu yenyewe inaweza. Tukio lake bora, kwangu, ni pale mtoto Gloria anapomweleza Phiona kwamba askari mdogo akifika ng'ambo ya ubao anageuka malkia. Tunaelewa papo hapo, pamoja na Phiona. Baada ya hapo hatufundishwi tena. Anaposhindwa na Mkanada huko Urusi tunapewa machozi. Alinaswa wapi? Alifungua vibaya, au alifungua vizuri akaingiwa na pupa?

Mafuriko yanapoingia nyumbani kwao tunaonyeshwa kila kitu, mpaka tope. Umaskini wa binti huyu tumeuona kwa macho yetu. Akili yake tumesimuliwa. Tunaambiwa anaona hatua nane mbele. Nilitaka nionyeshwe hata mbili.