Jina Moja, Vifua Viwili

SportPesa walibugi mwaka 2017, na hata leo sielewi kwa nini watu wa masoko wanausifu ule mkataba. Simba na Yanga, kwa pamoja, jina lile lile kifuani! Aliyewahi kukaa kijiwe chochote cha Mbinga siku ya dabi angewaambia bure.

Kampuni ya kubeti inadhamini timu ili shabiki aone dau lake ni kama mchango kwa klabu. Sasa mwana Msimbazi anageuka, anaona jina hilo hilo kifuani mwa mtani. Mchango gani tena? Anabaki na odds, na odds kila kampuni inazo. Msiniletee hoja ya bia ya Kilimanjaro, iliyowadhamini wote wawili kabla ya SportPesa. Baa ya Mbamba Bay unakunywa kilichomo kwenye friji. Kwenye simu kampuni zote ziko wazi usiku kucha, na kuhama ni dakika mbili.

Na Majimaji walikuwepo Ligi Kuu msimu ule ule! Mabingwa wa Muungano 1985 na 1986, timu ambayo Mmatengo wa Mbinga na mvuvi wa Liuli wangeibetia kwa moyo hata ikicheza vibaya. Jezi ya Wanalizombe hao ingewapa SportPesa Ruvuma yote kwa bei ya kutupa. Mwaka 2018 Majimaji wakashuka daraja.



Kifua kikishindwa kumshika mtu, zinafuata bonasi, ugomvi wangu wa siku zote. Angalia akaunti: salio lako huku, salio la bonasi kule, na la pili haliendi M-Pesa mpaka ulizungushe. Tuseme umepewa 5,000 kwa sharti la kuzungusha mara 5: hiyo ni mikeka ya 25,000, kabla siku hazijaisha. Halafu wanakuongezea ushindi ukipanga mechi nyingi. Wema huo una hesabu yake. Kampuni ikijibakizia asilimia 6 kwa kila mechi, mkeka wa mechi 10 unakuachia thamani ya kama shilingi 54 katika kila 100, hata kabla timu moja haijauchana. Ndiyo maana ofa zinanoga mechi zikiwa nyingi, na ndiyo maana nawaambia vijana wakati wa malipo ya kahawa: hela ya mbolea isikae laini moja na hela ya mkeka. Hawasikii.

Mwaka 2022 M-Bet wakaichukua Simba, SportPesa wakabaki na Yanga. Ndivyo ilivyotakiwa tangu mwanzo. Ila kijana wa Mbinga keshajisajili kampuni tatu, na leo anafungua ile iliyomtumia meseji ya bonasi asubuhi, awe Simba, awe Yanga.