Insha Yangu ya Theluji Haikuwa na Viazi

Insha nyingi za kumbukumbu za theluji katika nchi za joto zinafanana. Mtoto anaamka na kukuta nje kumekuwa kweupe. Anatoka mbio bila viatu, anashika, anaonja, anacheka. Jioni yote yameyeyuka, na mwandishi, sasa mtu mzima, anatukumbusha kwamba utoto nao huyeyuka. Nimezisoma kadhaa katika semina yetu ya uzamili. Moja niliiandika mwenyewe.

Yangu ilihusu Septemba 2008, karibu na Nyahururu, mteremko wa Busara ulipogeuka mweupe na watu wakamiminika kwenda kuuona. Wataalamu wa hali ya hewa walieleza baadaye kwamba haikuwa theluji, bali mvua ya mawe iliyoshikana ikawa tandiko la barafu. Nilikuwa na miaka minane. Katika insha niliandika "theluji" mara kumi na moja. Mhadhiri akanipa alama nzuri.

Kisha nikamsomea mama kwa simu. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza: "Na viazi je?"

Viazi vyetu vilikuwa vimeanza kutoa maua. Mawe yale yaliyatwanga majani mpaka yakabaki mashina matupu. Shosho alisimama kando ya shamba akakiita kile kitu kwa jina alilokijua nalo, *mbura ya mbembe*, mvua ya mahindi. Ukiziona punje zile nyeupe chini, huhitaji kuelezwa kwa nini. Muhula uliofuata dada yangu hakurudi shuleni, kwa sababu karo yake ilikuwa ndani ya viazi vile. Haya yote niliyajua nilipokuwa nikiandika. Niliyaacha kwa kuwa hayakufanana na theluji.

Hapo ndipo ninapoona kasoro ya insha hizi. Neno "theluji" linapoingia, linakuja na mshangao wake tayari, kutoka kadi za Krismasi, vitabu vya shule na sinema. Mwandishi hana haja ya kuangalia tena alichokiona. Anakariri mshangao wa wengine.

Linganisha na maandishi mawili. Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyekuwa na makao Rabai, aliuona weupe wa kilele cha Kilimanjaro mwezi Mei 1848, na kule London wakatokea wajuzi wa jiografia waliokataa kumwamini. Mimi hunivutia zaidi mtu anayepita haraka katika simulizi yake: mwongozaji wake, ambaye weupe ule aliuita "baridi" tu. Na katika riwaya ya Gabriel García Márquez ya mwaka 1967 kuhusu mji wa Macondo, mtoto Aureliano anagusa barafu kwa mara ya kwanza, anaurudisha mkono na kusema inachemka. Mmoja aliishi, mwingine ni wa kubuni, lakini wote wawili wanakitaja kitu kwa jinsi kinavyoupata mwili. Shosho naye alilitoa jina lake ghalani.

Mtu anaweza kunijibu kwamba furaha ya mtoto ni ya kweli, na haifai kuitwisha hasara za wakubwa. Nakubali kwamba ni ya kweli. Nilicheka sana siku ile, nikala barafu mpaka mdomo ukafa ganzi. Lakini insha haikuandikwa na mtoto yule. Iliandikwa na mtu wa miaka ishirini na mitano anayejua kwamba mahali tulipokuwa tukitelezea palikuwa matuta ya shosho, na kwamba chini ya barafu tuliyoirushiana kulikuwa na chakula na karo. Furaha na hasara vilikuwa shambani mamoja, saa ileile. Kukitaja kimoja tu ni kuchagua, na msomaji wa simulizi za kweli ana haki ya kuuliza nani amenufaika na uchaguzi huo. Katika yangu, nilinufaika mimi.

Ninaiandika upya. "Theluji" nimeibakiza mara moja, pale tulipoipigia kelele tukikimbia. Sentensi inayofuata ni ya shosho, akituambia tutoke shambani.