Stelingi Hafi: Wapenzi wa Filamu Dzaleka na Somo la Uhakiki

Ndugu wasomaji, katika kurasa hizi tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na diwani. Safari hii tunaomba radhi, kwani tunahakiki mazungumzo. Tuliyasikia nchini Malawi, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka iliyoko wilaya ya Dowa, kaskazini mwa Lilongwe.

Dzaleka ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Rais Kamuzu Banda. Ilifanywa kambi ya wakimbizi mwaka 1994, ikikusudiwa kuhifadhi watu elfu kumi na kidogo. Leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndiyo lugha inayowakutanisha. Hata tamasha la sanaa lililoanzishwa kambini mwaka 2014 na mshairi Mkongo, Menes La Plume, linaitwa Tumaini. Mwaka 2023 Serikali ya Malawi iliagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi nje warudi kambini. Kwa hiyo kwenye benchi tulipokaribishwa walikuwapo waliozaliwa Dzaleka, na walikuwapo pia waliowahi kupanga vyumba Kauma, pembezoni mwa Lilongwe.

Mada ilikuwa moja: Kanumba au Ray? Marehemu Steven Kanumba na Vincent Kigosi, yaani Ray, waliibukia katika kundi la Kaole na michezo yake ya kuigiza iliyorushwa na ITV, kisha wakawa nguzo za filamu za Kitanzania. Mwaka 2008 walicheza pamoja katika Oprah, na ubishi wa nani alimfunika mwenzake haujaisha.

"Ray anapendeza, lakini Kanumba akilia, analia kweli," alisema kijana mmoja.

"Kaka, kulia si kazi," akajibiwa. "Kazi ni kunyamaza. Ray anajua kunyamaza."

Tulijikuta tunatafuta kalamu. Hapo ndipo uhakiki unapoanzia: mtu anatoa dai, anataja tendo la mwigizaji, mwenzake anampinga kwa kigezo kingine.

Wapenzi hawa wana istilahi zao. Mhusika mkuu kwao ni stelingi. Anayempinga ni adui. Ipo na kanuni inayojulikana katika mabanda ya video kote Afrika Mashariki: stelingi hafi. Sisi darasani tunafundisha mhusika bapa na mhusika duara, nao wanayafahamu hayo kwa njia yao. Dada mmoja alimsifu adui wa filamu fulani kwa sababu "alikuwa mbaya lakini alikuwa na mama yake." Mwanafunzi akituandikia hivyo kwenye mtihani, tutamnyima alama?

Kanuni hiyo ilivunjika tarehe 7 Aprili 2012, Kanumba alipofariki Dar es Salaam akiwa na umri wa miaka 28. Mama mmoja alitusimulia kwamba siku ile majirani zake walilia kama waliofiwa na ndugu, na wengine walikataa kuamini, maana jioni hiyo hiyo walimwona akicheka kwenye kioo. Kuchanganya mwigizaji na mhusika ni kosa tunaloliwekea wanafunzi alama nyekundu. Hata hivyo, kwa watu walioacha makaburi nyuma yao bila kuyaaga, kubaki na sura na sauti ya marehemu si jambo dogo. Kosa hilo tunalielewa, ingawa hatulihalalishi.

Jambo lililotugusa zaidi ni lugha. Dada tuliyemtaja alizaliwa kambini na wazazi wake ni watu wa Kivu. Akizungumza nasi alisema "Kanumba anachezaka muzuri." Lakini alipoanza kutusimulia filamu na kuigiza maneno ya wahusika, ghafla tulimsikia akisema "jamani," "hivi wewe una nini?" na "sikutegemea ungenifanyia hivi," kwa lafudhi ya Dar es Salaam kabisa. Shuleni amefundishwa kwa Kiingereza na Chichewa. Hakuna mwalimu aliyemfundisha Kiswahili hicho. Amekiokota kwenye santuri za kunakiliwa na kadi za simu. Hatusemi kwamba Kiswahili cha Kivu ni kibovu kikasahihishwa na filamu. Tunasema kwamba dada huyu ana Kiswahili viwili, na cha pili amefundishwa na waigizaji.

Kwa msingi huo tunathubutu kutoa hukumu yetu. Nguvu ya filamu za Kitanzania ilikuwa mazungumzo yake: watu wakigombana, wakibembelezana na kusutana kwa lugha wanayoiishi. Ndiyo nguvu ile ile ya Lufufu, marehemu Derek Mukandala, aliyezitafsiri filamu za kigeni kwa sauti yake hadi zikawa za Kiswahili, na ya DJ Afro wa Kenya. Lakini tazameni majina: Oprah, Uncle JJ, Devil Kingdom. Kana kwamba watengenezaji waliionea haya mali yao. Mzee mmoja wa Uvira alilisema hilo kwa ufupi kuhusu filamu ambazo Kanumba alicheza na Wanaijeria: "Kiingereza kilipoingia, yeye alipungua."

Udhaifu mwingine ni urefu usio na sababu. Geti linafunguliwa, gari linaingia, mtu anashuka, geti linafungwa. Vijana wa benchi waliliigiza tukio hilo huku wakicheka. Kisha mmoja akasema, "Sisi hapa geti tunalijua, lakini halifunguki hivyo." Kicheko kikakatika. Kutoka kambini kunahitaji kibali.

Tuliwauliza kuhusu Vuta N'Kuvute, filamu ya Amil Shivji iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999 na kuoneshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021. Idarani tumeisifu sana, kwa Kiswahili chake cha Unguja na kwa uigizaji wa Ikhlas Gafur Vora na Siti Amina. Pale kwenye benchi hakuna aliyekuwa ameiona. Basi sifa zetu zina kasoro: filamu tunazozihakiki hazifiki kwa wapenzi hawa, na filamu wanazozihakiki wao hatuzitazami.

Tulipowasimulia kwamba Yasmin anaozwa mzee asiyemtaka, anakimbia, kisha anampenda Denge anayesakwa na wakoloni, swali la kwanza lilikuwa, "Stelingi ni nani, Denge au Yasmin?" Tulijibizana hadi giza likaingia. Wengi walimchagua Yasmin, kwa sababu yeye ndiye aliyehama kwao.

Wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu, mada hiyo hapo. Nendeni mkasikilize kabla ya kuandika nadharia. Na kwa kuwa tuliahidi kuwapelekea wenyeji wetu riwaya ya Adam Shafi, msomaji mwenye nakala ya ziada tunamwomba aifikishe ofisini kwetu. Wametuambia wataisoma kwa zamu, kwa sauti, kwenye benchi lile lile.