Kabla Saban awe Saban: kuhusu ngazi ya makocha na staji zetu

Binamu yangu alizaliwa kwenye kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma, na leo anasoma chuo Marekani. Hapa Baraka na Fizi wengi wetu tuna ndugu wa namna hiyo: vita ya 1996 iliwavusha wazazi wao ziwa, kambi ikawalea, kisha ndege ikawachukua. Mwezi uliopita akanitumia video. Kiwanja kimejaa watu mpaka juu, wote wamevaa rangi moja, na katikati vijana wenye kofia ngumu wanagongana kama mbuzi dume. Akaongeza na sauti yake: "Yaya, hii ni mupira ya chuo tu, hapana ya taifa. Na kocha wao analipwa kupita gavana."

Nilifikiri ananichezea. Lakini ni kweli. Katika majimbo mengi ya Marekani, mtumishi wa serikali anayelipwa mshahara mkubwa kuliko wote ni kocha wa chuo kikuu, wa futiboli yao au wa basketi.

Wiki ileile, kwenye mkutano wetu wa Jumamosi, mmoja wa wakubwa wetu akatoa mfano wa Nick Saban, kocha aliyepata ubingwa wa vyuo mara 7. Akatuambia: "Muangalie huyu. Alianzia chini, akavumilia, akafika. Ninyi munamaliza lisansi leo, kesho munataka gari ya kazi." Tukapiga makofi. Hata mimi nilipiga. Nilipofika nyumbani nikaanza kufuata kazi ya huyo Saban mwaka kwa mwaka, na makofi yakaanza kunitoka mikononi. Habari yenyewe ni ya kweli. Tunaisoma vibaya, njo shida.

Tuanze na ngazi yao. Kule, futiboli ya Kimarekani ni ya vyuo vikuu vyenyewe, na kiwanja cha Alabama kinabeba watu karibu 100.000. Kijana anayetaka kuwa kocha anaingia kwanza kama msaidizi mwanafunzi: amemaliza lisansi, anaendelea na masomo, chuo kinamlipia minerval na kumpa posho kidogo. Kazi yake ni kuangalia video za ekipe itakayokuja, kuandika wanavyocheza, kuchora karata za mazoezi, na kuongoza wachezaji wa akiba waige adui. Usiku halali sana. Kutoka hapo anapewa kundi lake, kwa mfano mabeki tu. Baadaye anaongoza ulinzi wote au mashambulizi yote. Kocha mkuu anakuja mwisho.

Saban alipita humo. Mwaka 1973 alikuwa amemaliza kucheza na kusoma Kent State, Ohio, na hakuwa na mpango wa kuwa kocha. Mke wake alikuwa bado na mwaka mmoja wa masomo, naye alikuwa anamgojea. Kocha wake, Don James, akamwambia abaki kama msaidizi. Baadaye akapita Syracuse, West Virginia, Ohio State, Navy na Michigan State, kisha ekipe ya kulipwa ya Houston. Ohio State ilimwachisha kazi mwaka 1981. Ukocha mkuu wa kwanza aliupata Toledo, mwaka 1990. Hesabu vizuri: miaka 17.

Halafu kuna jambo ambalo mkubwa wetu hakulisema. Baada ya msimu mmoja tu Toledo, ambako alishinda mechi 9 na kupoteza 2, Saban aliacha ukocha mkuu akarudi kuwa msaidizi, kwa Bill Belichick kule Cleveland. Akakaa huko miaka 4. Kwetu mtu akitoka kwenye kiti cha chef akawa msaidizi wa mwingine, familia inaita kikao kujua nani amemroga. Yeye alirudi kujifunza ulinzi. Ubingwa wa kwanza aliupata LSU msimu wa 2003, mingine 6 akaipata Alabama kati ya 2009 na 2020. Alistaafu Januari 2024.

Sasa niambieni: hapo tumeona uvumilivu wa mtu mmoja tu? Mimi naona pia Don James. Naona chuo ambacho, mwaka 1973, kilikuwa na nafasi ya kijana asiyejua kitu, pamoja na posho, pamoja na mkubwa aliyemwambia "baki hapa". Kila mahali Saban alipopita, kulikuwa na kazi yenye jina kwa mtu ambaye bado anajifunza. Uvumilivu wake ulikuwa na mahali pa kukaa. Ukimwambia kijana wa Fizi "vumilia kama Saban" bila kumwonyesha hapo mahali, unamwambia angojee tu.

Na Saban mwenyewe akafanya hivyohivyo kwa wengine. Kirby Smart alikuwa msaidizi mwanafunzi Florida State, kisha akafanya kazi chini ya Saban LSU, Miami na Alabama, jumla karibu miaka 11. Mwaka 2016 akapewa Georgia, chuo alichochezea. Januari 2022, kwenye fainali, Georgia ya Smart ikaifunga Alabama ya Saban 33 kwa 18. Mwalimu alipigwa na mtu aliyemfundisha yeye mwenyewe, na ngazi haikuvunjika.

Sitaki mufikiri kule ni paradiso. Ngazi hiyo ina vipandio vilivyofungwa kwa misumari. Sylvester Croom, Mweusi, aliingia ukocha Alabama mwaka 1976. Ni mwisho wa mwaka 2003 ndipo Mississippi State ilimchukua, akawa Mweusi wa kwanza kuwa kocha mkuu katika ligi ile kubwa ya vyuo vya kusini, ambako vijana Weusi walikuwa wanacheza tangu zamani. Miaka 27! Huyo naye alivumilia, kumupita Saban. Sijasikia mtu anamtaja kwenye mikutano yetu.

Pesa nayo imeharibu mambo. Novemba 2023 chuo cha Texas A&M kilimfukuza kocha wake, Jimbo Fisher, na mkataba ulikidai chuo zaidi ya dola milioni 75 ili aondoke. Soma tena: ili aondoke, asifanye kazi. Na mpaka 2021 mchezaji wa chuo alikuwa anakatazwa kupata hata dola moja kwa jina lake na sura yake. Kwa hiyo sichukui ngazi nzima. Nachukua kipandio cha chini tu.

Mutasema hayo ni ya Wamarekani. Basi tuje kwa mtu wetu, Florent Ibenge. Hapa Baraka kila mtu ana neno juu yake. Wanaompenda wanataja CAN ya 2015, Leopards walipofungwa 2 kwa 0 na wenzetu wa Brazzaville, wakarudisha, wakashinda 4 kwa 2, na mwisho wakachukua nafasi ya tatu. Wanataja CHAN ya 2016, Mali ilipofungwa 3 kwa 0 pale Kigali. Wasiompenda wanataja Septemba 2017, Kinshasa: tunaongoza Tunisia 2 kwa 0, wanarudisha zote mbili, na Kombe la Dunia la Urusi linatupita kwa pointi moja.

Mimi nakubali lawama ya Tunisia. Ekipe inayoongoza 2 kwa 0 nyumbani haikuwa na ruhusa ya kuachia. Lakini nikiangalia kazi yake yote, naona ile ngazi. Ibenge, aliyezaliwa 1961, alijifunza kwenye klabu ndogo za Ufaransa. Mwaka 2012 alikuwa Shanghai Shenhua, China, chini ya Jean Tigana, na Tigana alipoondoka akaishika ekipe kwa muda. Alipofikisha V.Club fainali ya Afrika mwaka 2014, alikuwa amepita miaka 50. Sisi tulimwona siku hiyo, tukasema ametokea. Alikuwa njiani miaka na miaka, mahali ambapo hatukuangalia.

Na V.Club na Leopards tukampa vyote viwili kwa wakati mmoja, kisha tukahesabu makosa yake. Alipoondoka nchini mwaka 2021, Berkane ya Moroko ilichukua naye Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka uliofuata. Baadaye akawa Al-Hilal ya Omdurman, akabaki nayo hata vita ya Sudani ilipoifukuza kwao. Mtu wa Fizi hahitaji kuelezwa maana ya kufanya kazi ukiwa umekimbia.

Jambo la Ibenge ninalolipenda kuliko makombe ni hili: msaidizi wake kwenye Leopards, Mwinyi Zahera, alipata Yanga ya Dar es Salaam mwaka 2018, na bado akawa kwenye benchi la taifa mwaka 2019. Kwa hiyo hata kwetu inawezekana. Mukubwa akiwa na mahali pa msaidizi, msaidizi anakua. Lakini ni wangapi wana bahati ya kumpata Ibenge?

Sasa nifike nyumbani, maana mimi si kocha, ni agronome.

Wote hapa tunajua tangazo la kazi la ONG: lisansi, miaka 3 au 5 ya uzoefu, pikipiki unajua kuendesha. Uzoefu utaupata wapi? Kwenye staji. Na staji zetu munazijua. Yangu niliifanya kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja. Miezi 2 nilipika chai, nilifanya fotokopi, nilikimbilia saini. Nilitoka na karatasi yenye muhuri mzuri sana. Shamba la muhogo nililiona kwenye dirisha la gari, na siku hiyo nilipewa lifti kwa huruma.

Ningemalizia hapo, ningepata makofi kama yule mkubwa. Lakini haingekuwa haki.

Msimu uliopita alikuja kwangu mwanafunzi mmoja, dada mdogo, kwa staji ya miezi 3. Sasa mimi njo nilikuwa mukubwa. Kila asubuhi alikuwa ananiuliza, "Injenieri, leo nitafanya nini?" Nami kila asubuhi namtafutia kitu cha kumwondoa mbele yangu: orodha za waliohudhuria, saini, fotokopi. Nilikuwa na ripoti za kumaliza, pikipiki moja, mafuta ya kuhesabu. Siku ya mwisho, karatasi yake ikiwa tayari mezani, akaniuliza kwa heshima: "Injenieri, mozaiki ya muhogo unaitambua namna gani mapema, kabla shamba yote haijaharibika?"

Miezi 3. Mashamba ya Mutambala yako karibu hivyo. Sikumpeleka hata mara moja.

Nilimjibu kwa mdomo: angalia majani machanga, yakijikunja na kuwa na mabaka ya njano, usichukue vijiti vya kupanda kwenye shina hilo. Aliandika kwenye kidaftari chake. Nikaona haya. Sisi watu wa Fizi tunaishi na michikichi. Kila mzee wa hapa anajua mche wa mchikichi unakaa kwenye kitalu mwaka mmoja hivi, unamwagiliwa, unafunikwa jua kali, ndipo unapelekwa shambani. Mimi, mwenye lisansi ya agronomia, nilimweka mtu kwenye kabati la makaratasi nikaita kitalu.

Ndiyo maana lawama yangu haiwaendei wakubwa peke yao. Sisi tuliopata kazi, hata kazi ndogo ya mkataba wa miezi 6, tayari tuko na mtu chini yetu. Hatuna dola za Alabama na minerval hatuwezi kumlipia. Lakini kile kitu kingine cha msaidizi wa Marekani tunakiweza: kumpa kipande cha kazi ambacho ni chake. Kocha mkuu anamwambia, mabeki hawa ni wako. Mimi nashindwa nini kumwambia mwanafunzi, kikundi hiki cha wakulima 15 ni chako msimu huu, wewe njo utahesabu mashina yenye ugonjwa, wewe njo utasimama mbele yao kusema umeona nini, na ukikosea nitakuwa nyuma yako?

Yule dada nilimpigia simu wiki iliyopita. Nilimwambia mvua zikianza, kama bado anataka, kuna shamba. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama safari hii pia kutakuwa na orodha za kusainisha. Nilimwambia ziko, lakini tutazisaini wote wawili, jioni, tukishatoka shambani.