Mandhari na Sura ya Nchi

Neno la Kiingereza landscape tumezoea kulifasiri kuwa mandhari. Nilipokuwa nikifundisha chuo cha ualimu, na hata baadaye nilipokuwa mkuu wa shule, sikuitilia shaka tafsiri hiyo. Sasa nimestaafu, naishi hapa Bashay, na nimepata nafasi ya kuipima upya.

Waingereza walilipata neno hilo kwa Waholanzi mwishoni mwa karne ya 16, likiwa neno la wachoraji: picha ya nchi. Baadaye likahamia kwenye nchi yenyewe. Lakini kwa Waholanzi lilikuwa na maana ya zamani zaidi, yaani eneo la ardhi. Mandhari ni neno lililotoka Kiarabu, na asili yake ni kutazama. Basi mandhari humtaka mtazamaji, tena aliyesimama kando. Lamfaa mgeni anayesimama ukingoni mwa Bonde la Ufa akaliona Ziwa Manyara chini yake. Kosa letu ni kudhani kuwa latosha kila mahali.

Mwanachuo mmoja aliwahi kuniandikia insha juu ya mandhari ya kwao, chini ya Mlima Hanang. Hakuutaja uzuri hata mara moja. Alieleza makorongo yanayopitisha maji ya masika, malisho ya ng'ombe, na mahali ambapo wazee walikataza kujenga. Nilimpa alama chache, nikaandika kwa wino mwekundu: "Hukujibu swali."

Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima huo iliporomoka. Matope, mawe na magogo yalishukia mji wa Katesh na vijiji jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa.

Sisemi kwamba insha ile ingewaokoa. Nasema nilimfundisha mwalimu mtarajiwa kwamba kuisifu nchi ndilo jibu, na kuijua silo. Huenda naye aliwafundisha wengine hivyo hivyo.

Mandhari tusilitupe, tuliachie kazi yake ya kutazama. Lakini landscape inapomaanisha ardhi pamoja na milima, mabonde na mikondo ya maji yake, tuseme sura ya nchi, kama walimu wa jiografia wasemavyo tangu zamani. Na mwanachuo yule, kama atayasoma haya, ajue kwamba alilijibu swali. Aliyekosea ni msahihishaji.